Spea ya gari la zamani haitafutwi kwa jina la gari

Ingia duka lolote la spea hapa Malindi useme unatafuta kitu cha Peugeot 504. Swali la kwanza utakaloulizwa ni "Ya mwaka gani?" Kwa gari lililoingia nchini juzi swali hilo lina maana. Kwa gari ambalo limezunguka pwani hii zaidi ya miaka thelathini na kupita mikononi mwa mafundi wengi, mwaka haukufikishi mbali. Injini huenda ilitoka kwenye pikapu, difu kwenye saloni, na alteneta kwenye gari la kampuni nyingine kabisa. Kitabu cha gari kinasema hili, ukifungua boneti unaona lile.

Ninafufua 504 wagoni, ile ya safu tatu za viti, na ushauri wangu kwa anayetaka kuanza kazi kama hii ni mmoja: usinunue spea kwa jina la gari. Nunua kwa namba na vipimo vya kipande kilichomo ndani ya gari lako leo.

Chukua pistoni. Injini za petroli utakazokutana nazo zaidi kwenye 504 ni mbili: XM7 ya sisi (cc, yaani ukubwa wa injini) 1796 na XN1 ya sisi 1971. Pistoni za zote mbili husafiri milimita 81 kutoka chini hadi juu. Kinachotofautiana ni kipenyo cha silinda, 84 kwa moja na 88 kwa nyingine, na ukizitazama kwa nje ni vigumu kuzitenganisha. Sasa ongeza 404 iliyotangulia, ya sisi 1618. Nayo ina kipenyo cha 84, ila pistoni yake husafiri milimita 73 tu. Kwa hiyo mtu akikwambia ana "pistoni za Peugeot za 84", bado hajakwambia kitu. Soma namba iliyogongwa kwenye bloku, kisha ufungue silinda hedi upime mwenyewe kwa kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, kwa sababu slivu za injini hizi, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, hutolewa na kubadilishwa, na huwezi kujua aliyekutangulia alirudishia zipi.

Kuna habari njema pia. Peugeot 505 za mwanzo zilitumia injini hizi hizi za 1796 na 1971, kwa hiyo 505 iliyolala chini ya mwembe wa mtu ni hazina, nenda ukaongee na mwenyewe kwa adabu. Halafu 504 yenyewe haikufa mapema kama watu wanavyodhani. Ufaransa waliacha kuunda saloni mwaka 1983, lakini Argentina waliendelea hadi 1999, na hapa Kenya ziliendelea kuunganishwa hadi 2004. Vipande vilitengenezwa kwa muda mrefu, vingine bado vimo kwenye maboksi yao.

Kwa upande wa nyuma kuwa mwangalifu zaidi. Saloni nyingi za 504 zina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, kila moja na springi yake. Wagoni ina ekseli nzima na springi nne za koili, mbili kila upande. Pikapu imekaa juu ya springi za vyuma bapa. Shokamzoba za nyuma za mmoja hazimfai mwenzake, hata kama boksi limeandikwa 504 kwa herufi kubwa.

Beringi ndizo zinazonifurahisha kuliko vyote, kwa sababu beringi haijui imefungwa kwenye gari gani. Ile ya alteneta yangu ilikuwa nyeusi tii. Niliisugua ukingo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka maandishi yakatokea: 6303. Sikuhangaika na duka la Peugeot. Niliipata kwa wanaouza pampu za maji na vifaa vya mashua, mpya. Namba hizo zina lugha yake. Kuanzia 04, zidisha tarakimu mbili za mwisho kwa 5 upate kipenyo cha shafti: 6205 ni shafti ya milimita 25. Iliyo chini ya hapo ina utaratibu wake, 03 ni milimita 17. Baada ya namba ukiona 2RS, ina mpira pande zote mbili. ZZ ina kifuniko cha bati. Kwa mchanga wetu na upepo wa chumvi, palipoandikwa ZZ mimi hutia 2RS.

Sili za oili, zile raba za kuzuia oili kuvuja kwenye shafti, nazo husomeka: 35x52x7 ni shafti, tundu, kisha unene. Maandishi yakiwa yamefutika, pima shafti na tundu lake, usiipime sili kuukuu, kwa kuwa mpira umeshalegea. Mkanda wa feni ulioandikwa 10x950 ni upana wa milimita 10 na urefu wa 950, basi.

Boliti zinataka macho. Peugeot ni ya milimita tangu kiwandani, lakini boliti ya inchi tatu kwa nane kutoka gari la Kiingereza huanza kuingia kwenye tundu la M10, yaani la boliti ya milimita 10, vizuri kabisa, inazunguka mara kadhaa, kisha inang'ang'ana. Ukilazimisha spana umeua nyuzi za tundu. Boliti yoyote isiyoingia kwa vidole, itoe uipime.

Breki ni mlango mwingine. Fundi mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, "Kaka, hii masta silinda itaingia, tutaipiga tupa kidogo tu." Nikamjibu, "Fundi, kwenye breki hatupigi tupa." Masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, ikiwa na kipenyo kikubwa kuliko ile iliyotoka hufanya pedali iwe ngumu na breki ishike kwa nguvu nyingi za mguu. Ulizia kipenyo, na uangalie nyuma una drumu, kama wagoni, au diski kama saloni nyingi. Raba za ndani zioshe kwa mafuta ya breki yenyewe. Dizeli na mafuta ya taa huzivimbisha.

Ukiagiza Mombasa au Kirinyaga Road kule Nairobi, tuma picha ya kipande kikiwa kando ya rula, pamoja na namba zote zinazosomeka, hata zile unazodhani hazina maana. Ukiagiza Ufaransa, tafuta namba ya Peugeot yenyewe. Za zamani huandikwa herufi au tarakimu nne, nukta, kisha mbili. Na kabla bei haijakufurahisha, ongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16.

Yote haya yaandike. Mali bila daftari hupotea bila habari: namba, kipimo, kilitoka wapi, na kilichukua nafasi ya nini.

Kipande kuukuu kikae kwenye kopo hadi kipya kiende Kilifi na kurudi bila kelele ngeni. Pampu ya maji mimi siitupi hata baada ya hapo, maana ikiwa bodi ni nzima, fundi wa kukereza anaweza kuitia shafti na beringi mpya.