Meza ya Mjomba: Tuliibiwa, au Hatujui Kula?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi na mume wangu tumetimiza miaka kumi ya ndoa. Kwa miezi minane tulikuwa tunaweka akiba kidogo kidogo ili siku hiyo tukale kwenye mgahawa mmoja wa hadhi ya juu ambao kila mtu anausifu. Picha zake nilizitazama hadi nikazikariri. Tulipofika tukaketishwa karibu na mlango wa jikoni. Sahani zilikuja kubwa kama sinia, katikati kipande cha samaki kisichozidi upana wa vidole viwili, pembeni povu la kijani. Mhudumu akasimama kutueleza kila kilichomo, samaki akapoa tukimsikiliza. Hivyo hivyo mara saba. Bili ilipokuja mume wangu aliisoma mara mbili, akalipa, hakusema neno. Nyumbani alipitiliza moja kwa moja jikoni kwetu akapasha kiporo. Tulicheka sana, lakini moyoni niliumia. Naomba ukweli: tuliibiwa, au sisi ndio hatujui kula?
– Mama wa Watatu

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni kwa miaka kumi. Barua yako nami nimeisoma mara mbili, kama mumeo na bili.

Kwa wasiojua, nilihudumu mezani miaka kumi na tisa. Nilianzia kwenye karo la kuoshea vyombo, nikapanda hadi kuvaa koti jeusi, katika migahawa ambayo kwa mshahara wangu nisingeweza kuketi nikaagiza hata supu. Kwa hiyo ule mlango wa jikoni mliokaa karibu nao naujua pande zote mbili.

Mliibiwa kidogo, lakini si pale unapodhani.

Tuanze na samaki wa vidole viwili, maana ndiye anayelalamikiwa kuliko wote. Huyo hakuwa wizi. Tonge la kwanza la chakula chochote ndilo lenye utamu. La pili nalo zuri. Ukifika la kumi mdomo umeshazoea, unatafuna tu huku ukizungumza. Wapishi wa migahawa hii wanalijua hilo, ndiyo maana wanakupa matonge matatu ya mwanzo, kisha wanaondoa sahani na kuanza upya na kitu kingine. Mlipewa mwanzo mara saba. Mtu aliyekwenda kutafuta shibe hawezi kuona hivyo, na simlaumu mumeo kwa kile kiporo. Nami nilikuwa nikitoka kazini usiku nakula mkate mkavu kwenye ngazi za nyuma, huku nanukia siagi ya watu wengine.

Na ile sosi iliyochorwa pembeni kama mkia wa mjusi? Hiyo huanza asubuhi. Mifupa huokwa hadi iwe kahawia, ikatiwa kwenye sufuria la maji na vitunguu na karoti, ikatokota polepole huku kijana mmoja akiengua mafuta na povu linalopanda juu. Alasiri huchujwa, hurudishwa motoni, hupunguzwa, huchujwa tena kwa kitambaa. Nimeona sufuria la lita ishirini likiishia kwenye kibakuli nilichoweza kukibeba mkono mmoja huku mwingine umeshika trei. Mshahara wa kijana yule umo kwenye kile kijiko kimoja cha sosi mlichopewa.

Na bado wenye migahawa hii wengi hawatajiriki. Noma, ule wa Copenhagen, Denmark, umetajwa mara tano kuwa mgahawa bora duniani. Januari 2023 mpishi wake mkuu, René Redzepi, akatangaza kwamba wataacha kuuendesha kama mgahawa wa kawaida, akisema mfumo wenyewe hauwezi kuendelea. Na miezi michache tu kabla ya hapo ndipo ulipoanza kuwalipa vijana wa mafunzo waliokuwa wakifanya kazi jikoni humo. Ikiwa meza zinazogombewa na dunia nzima hazikutosha kuwalipa watu wote waliozishughulikia, basi ujue hela yenu haikuishia kwenye mfuko wa mtu mmoja anayewacheka.

Sasa niende kwenye wizi wenyewe.

Kila mgahawa una meza moja mbaya, na wahudumu wote wanaijua. Iko karibu na mlango wa jikoni au wa choo. Kila mlango ukifunguliwa unapigwa na joto, kelele na harufu ya sabuni ya vyombo. Meza ile hupewa mgeni ambaye mkuu wa ukumbi ameamua, kwa kumtazama viatu, kwamba hatarudi. Naandika haya kwa aibu, kwa sababu mara nyingi mimi ndiye niliyewatangulia wageni wale nikitabasamu, nikawavutia viti. Mnalipa sawasawa na aliyeketi dirishani. Hapo ndipo mlipoibiwa.

Siku nyingine, kabla hujakaa na kabla hujafunua kitambaa cha mapajani, sema: "Samahani, tungependa meza nyingine." Usieleze sababu. Ukishaketi na maji yakamiminwa, kuhama kunakuwa safari. Na mnapoweka nafasi, semeni ni sherehe ya nini. Huandikwa kwenye daftari, na mkuu wa ukumbi husoma daftari kabla ya kutazama viatu.

Wizi wa pili ni yale maelezo. Sahani ikitua mezani, mhudumu ana pumzi moja tu ya kuzungumza: samaki huyu, sosi hii, karibuni. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akisimama nyuma yangu, nikirefusha anakohoa. Chakula kile kilipikwa kiliwe dakika ile. Mpishi amefuta ukingo wa sahani kwa kitambaa chenye unyevu, amegonga kengele, anataka kiondoke mbio. Halafu kinafika mezani kinahubiriwa mpaka kinapoa! Mlikuwa na haki ya kuanza kula mhudumu akiwa katikati ya sentensi. Na samaki akipoa, arudishwe. Watu huogopa wakidhani jikoni watamtemea mate. Miaka kumi na tisa sikuliona hilo hata mara moja. Nilichoona ni mpishi akipika upya huku akiutukana ukuta.

Maana bidhaa kubwa pale, mwanangu, ni kutunzwa. Nikupe mfano mdogo. Kabla ya kitindamlo tulikuwa tukipita na kibapa chembamba cha chuma, urefu kama kalamu, tukikomba makombo ya mkate kutoka kwenye kitambaa cha meza hadi kwenye kisahani ulichokishikilia chini ya ukingo. Unakomba kuelekea kwako, kamwe si kuelekea kwa mgeni, na mkono haupiti mbele ya uso wake. Mazungumzo yanaendelea. Ukiondoka mgeni hajui kwamba ulikuwapo, ila anahisi meza imekuwa mpya. Ilinichukua karibu mwaka kuijua sawasawa kazi hiyo. Bwana mmoja niliyemkombea makombo miaka mingi hakuwahi kuniangalia usoni, na siku niliyougua akauliza kwa nini leo meza chafu.

Nyinyi mlitunzwa? Kwa barua yako, hapana. Mlioneshwa vyakula.

Lakini na wewe una sehemu yako, usinune. Umezitazama picha miezi minane. Samaki yule aliyekuja mezani alikuwa anashindana na samaki uliyekwisha kumla kwa macho kila usiku kabla ya kulala, na yule wa usiku hakuwahi kupoa. Matarajio ni kiungo chenye nguvu. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliwaonjesha watu mvinyo uleule mara mbili huku wakiupiga picha ubongo wao: mara wakiambiwa ni wa dola 10, mara wa dola 90. Ulipoitwa wa dola 90 waliuona mtamu zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha ikachangamka zaidi. Watafiti wengine, akiwamo Charles Spence wa Chuo Kikuu cha Oxford, waliwapa wageni wa mgahawa wa hoteli chakula kilekile, wengine kwa uma na visu vizito, wengine kwa vyepesi. Wa vyuma vizito walikipenda zaidi chakula chao na wakasema wangekubali kukilipia zaidi. Mimi sikushangaa. Vile vyuma nilikuwa nikivisugua kila jioni na nilishangaa kwa nini havipunguzwi uzito. Kumbe vilikuwa kazini.

Basi mbona kwenu matarajio hayakunogesha? Kwa sababu wale walioonjeshwa mvinyo hawakuuwekea akiba miezi minane. Mtu akinywa funda moja la bure, bei kubwa humfurahisha. Anayelipa mwenyewe hugeuka mkaguzi.

Nayajua haya kwa sababu yalinikuta. Nilipoacha kazi nilimpeleka mke wangu kwenye mgahawa mmoja mkubwa, tukiwa wageni halali kabisa. Dakika ya tano nikaona alama ya kidole kwenye glasi. Ya kumi, mhudumu akaweka sahani ya mke wangu huku kidole gumba kikiwa ndani ya ukingo. Nikaanza kuhesabu. Nilikuwa nimefika kosa la kumi na moja mke wangu aliposhusha uma akaniambia, "Wewe hukuja kula, umekuja kukagua." Yeye aliufurahia usiku ule, na hadi leo analizungumzia tunda la pea lililopikwa kwenye mvinyo. Mimi siikumbuki hata ladha yake, na ilikuwa bili moja.

Rudini, ila si mwaka huu, na msitazame picha. Mle kidogo nyumbani kabla ya kutoka. Najua wapishi watanilaani kwa ushauri huu, lakini mwenye njaa kali hawezi kufurahia matonge matatu, anayachukia.

SWALI: Mjomba, tumebishana kazini. Mwenzangu anasema mgahawa wenye nyota lazima uwe na vitambaa vyeupe na wahudumu wa suti. Mimi nasema nyota ni chakula. Nani mkweli?
– Mbishi

JIBU: Wewe, kama mnazungumzia nyota za Michelin. Za hoteli ni habari nyingine, hizo huhesabu vitanda, lifti na bwawa, na ndizo zinazofika tano. Michelin mwisho ni tatu.

Michelin ni kampuni ya matairi ya Ufaransa. Mwaka 1900 ilianza kutoa kitabu cha mwongozo kwa wenye magari, ili watu wasafiri zaidi na matairi yaishe haraka. Nyota zilianza 1926, na ngazi tatu zikafuata miaka ya 1930: moja, patakufaa ukiwa njiani, mbili, acha njia ukapafuate, tatu, funga safari kwa ajili ya pale tu. Ni lugha ya madereva mpaka leo. Wakaguzi hulipa bili zao na hawajitambulishi, na wanachopima ni ubora wa vitu vilivyopikwa, ufundi, ulinganifu wa ladha, mkono wa mpishi mwenyewe na kama chakula hakibadilikibadiliki. Vitambaa havimo. Mwaka 2016 walitoa nyota mojamoja kwa vibanda viwili vya chakula Singapore, ambako unapanga foleni, unabeba trei yako, unatafuta pa kukaa.

Kwa hiyo ukienda penye nyota ukitarajia kupepewa, unaweza kurudi umenuna kama Mama wa Watatu hapo juu. Mwambie mwenzako akununulie chai.

SWALI: Mjomba shikamoo. Nataka kumpeleka mchumba wangu mahali pa hadhi lakini mfuko wangu si mrefu, na zile uma nyingi zinanitisha.
– Kijana Mwoga

JIBU: Marahaba. Uma: anza za nje, ingia ndani kila sahani inapobadilika. Ukikosea, mhudumu mzuri atakuletea nyingine kimyakimya. Hilo limekwisha.

Mfuko ndio jambo. Nenda mchana. Migahawa mingi ya aina hii ina menyu fupi ya mchana kwa bei ya chini zaidi, na mara nyingi jikoni ni watu walewale. Mhudumu akikwambia "leo tuna kitu maalumu ambacho hakimo kwenye menyu", uliza bei palepale. Nimeuza vitu maalumu vingi sana kwa vijana waliokuwa wakiona haya kuuliza mbele ya wachumba wao, na nilikuwa naiona haya ile tangu mlangoni. Maji ya bomba safi yakiwapo, yaombe kwa jina lake, kwa sababu ukisema "maji" tu utaletewa chupa. Na kwenye kuchagua mvinyo, usitafute jina. Fungua orodha, weka kidole kwenye bei unayoiweza, mwambie mhudumu, "Tunataka kitu kama hiki." Ataelewa anatazama nini, na mchumba wako atadhani mnazungumzia zabibu.

SWALI: Mjomba, wewe mwenyewe siku hizi ukienda kwenye hiyo migahawa unaagiza nini?
– Mdadisi

JIBU: Kuku wa kuokwa, kama yumo. Wengi hawamwagizi kwa sababu wanasema kuku wanaye nyumbani. Hana povu wala maelezo, na hana pa kujificha: ngozi imekauka ikaita au haikuita, kifua kina maji yake au ni karatasi. Mpishi aliyemtoa kwenye oveni akamwacha apumzike kabla ya kumkata, utamjua kwenye sahani, maana haitakuwa na dimbwi. Ambaye hakusubiri, nusu ya utamu wa kuku imebaki kwenye ubao wake wa kukatia.

Kuku asipokuwamo naagiza supu, na naomba meza ya mbali na jikoni.