Kwa mnaoanza kuhesabu ndege: niliyojifunza katika msitu wa Arabuko-Sokoke

Ndugu zangu mnaojiandaa kuingia msituni kwa mara ya kwanza, mmeshafundishwa darasani jinsi ya kupanga vituo vya kuhesabia, kusimama dakika kumi katika kila kituo, na kuandika kila ndege mnayemwona au kumsikia pamoja na makadirio ya umbali wake. Sitayarudia hayo. Nataka kuwaeleza jambo nililolielewa baada ya kupoteza msimu mzima wa kazi, nalo ni kwamba idadi unayoiandika daftarini haielezi habari za ndege peke yao, bali inaeleza pia saa uliyofika, upepo uliokuwapo, unene wa kichaka na uwezo wa masikio yako.

Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi katika pwani ya Kenya, una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, na ndani yake mna misitu mitatu isiyofanana. Upande wa mashariki kuna msitu wa miti mchanganyiko, katikati kuna ukanda wa miti iitwayo mirihi juu ya mchanga mweupe, na magharibi, penye udongo mwekundu, kuna vichaka vizito vya miti iitwayo Cynometra ambavyo hata jua la mchana hupenya kwa taabu. Kambi yetu ilikuwa mashariki. Kila alfajiri nilianza na vituo vya karibu, nikamaliza msitu mchanganyiko, nikapita kwenye mirihi, na nilipofika kwenye udongo mwekundu ilikuwa imeshatimia saa tatu asubuhi, joto limepanda na nzi wanazunguka usoni. Nilifanya hivyo kwa miezi miwili, kisha nikaandika, kwa uhakika mkubwa, kwamba vichaka vya magharibi vina ndege wachache sana.

Aliyenisahihisha ni mzee wa Kigiriama aliyekuwa akituongoza njia. Asubuhi moja tulisimama kwenye kituo cha mwisho, mimi nikitazama saa, naye akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlangoni. Dakika kumi zilipokwisha nilikuwa nimeandika ndege wawili. Akaniambia, "Mwanangu, ndege wa huku hawajapungua. Wewe ndiye unayefika wakati wameshanyamaza." Nikamjibu, "Mzee, basi kesho tuanzie huku." Tulilala magharibi usiku uliofuata, na saa kumi na mbili na robo, tukiwa tumesimama palepale kwenye nyayo zetu za jana, sauti zilitoka kila upande hata nikashindwa kuzitenganisha.

Msimu uliofuata nilibadilisha mpangilio, kila kituo kikapata zamu ya mapema na zamu ya kuchelewa, na sehemu kubwa ya ile tofauti niliyoitangaza ikatoweka. Iliyobaki ndiyo iliyokuwa habari ya kweli kuhusu msitu. Kwa hiyo, kabla ya kuandika jina la ndege yeyote, andikeni saa ya kuanza, mawingu, upepo, na jina la anayehesabu, kwa kuwa watu wawili waliosimama bega kwa bega hawasikii sawa, na anayekuja kurudia kazi yenu baada ya miaka ishirini hataweza kulinganisha chochote asipoyajua hayo. Tumieni kalamu ya risasi, maana wino huyeyuka kwa umande.

Msituni ndege wengi husikika bila kuonekana, na kichaka kizito humeza sauti. Ndege uliyemsikia umbali wa mita themanini kwenye mirihi huenda usimsikie hata kwa mita arobaini kwenye Cynometra, ingawa anaimba kwa nguvu ileile. Ndiyo sababu tunasisitiza umbali. Jizoezeni kuukadiria, kisha pimeni kwa hatua mpaka mtakapoona makosa yenu yanapungua.

Sifuri nayo inastahili heshima. Bundi mdogo wa Sokoke, mwenye urefu wa sentimita 17 hivi, alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1965, na mbali na msitu huu na sehemu chache za jirani, anapatikana katika miteremko ya chini ya Usambara Mashariki nchini Tanzania. Anaishi hasa kwenye vile vichaka vya udongo mwekundu, na huhesabiwa usiku kwa sauti yake. Usiku wa upepo anaweza kukaa kimya kabisa, nanyi mtarudi kambini mkitamani kuuacha ukurasa mtupu. Msiuache hivyo. Andikeni kwamba mlikwenda, mkasikiliza, hamkusikia kitu. Wala msimchezee sauti iliyorekodiwa kwa muda mrefu ili ajibu, kwani huacha eneo lake akawasogelea, mkamhesabu mahali asipoishi, na huku mmemsumbua ndege ambaye makao yake ni machache mno duniani.

Jambo la mwisho linahusu mipaka ya eneo la utafiti, na hili linanigusa zaidi kuliko yote. Ndege aitwaye mnana wa Clarke alielezwa kisayansi mwaka 1913, naye hapatikani popote ila katika kaunti ya Kilifi. Kila mwaka kulikuwa na majira ambayo alitoweka Arabuko-Sokoke, na mtu aliyehesabu katika majira hayo tu angeweza kudhani kwamba ameangamia. Kiota chake hakikujulikana mpaka mwaka 2013, karne nzima baadaye, walipokutwa wakizaliana kwenye kinamasi cha msimu huko Dakatcha, ng'ambo ya mto Sabaki. Vinamasi hivyo hujaa mvua zinaponyesha vizuri na hukauka zinapokosekana, na misitu inayovizunguka hukatwa kwa ajili ya mkaa na mashamba ya mananasi. Hata tungeulinda Arabuko-Sokoke mti kwa mti, ndege huyu angeweza kutuponyoka kwa kukosa mahali pa kutagia, na madaftari yetu ya msituni yasingetuonyesha sababu.

Vibali vya utafiti mtaviomba ofisini, na ni lazima mviombe mapema. Lakini mkivuka mto kwenda Dakatcha, kaeni kwanza na wenyeji, wakiwemo wafugaji na wachoma mkaa, muwaulize ni wapi maji husimama baada ya masika na ni ndege gani huja kujenga hapo, kisha ndipo mkunjue ramani na kupanga vituo.