Maswali ya Wasomaji: «Swell mob» walikuwa watu gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatafsiri hadithi ya Kiingereza ya karne ya 19 inayosimulia maisha ya London. Katika sura moja askari kanzu anamnong'oneza mwenzake kwamba watu wanne waliosimama karibu na mlango wa stesheni ni «swell mob». Kamusi yangu inanipa «kuvimba» kwa neno la kwanza na «umati» kwa neno la pili, na nikiyaunganisha sipati maana yoyote. Rafiki yangu amenishauri niandike «vibaka», lakini hadithi inasema watu hao wamevaa kofia ndefu na makoti ya thamani, kwa hiyo moyo wangu haujatulia. Ni watu gani hao, na niwaite nini kwa Kiswahili?

JIBU: Ndugu msomaji, hao ni wezi wa mifukoni, lakini ni wezi wa daraja la juu katika kazi hiyo, waliojifunza wizi kama fundi anavyojifunza ufundi wake, na waliovaa kama mabwana ili wapate kusimama bega kwa bega na mabwana. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kuandika «vibaka», kwa sababu neno hilo lingeharibu sura nzima.

Tuanze na «swell». Kitenzi hicho cha kuvimba kilitumika pia kwa mtu anayejivuna, kama sisi tunavyosema kwamba fulani amevimba kichwa, na kutoka hapo misimu ya London ikamwita hivyo mtu anayejionyesha kwa mavazi. Shahidi mzuri ni James Hardy Vaux, mwizi aliyehukumiwa mwaka 1800 kupelekwa uhamishoni Australia kwa miaka 7 kwa kosa la kuiba leso, na ambaye baada ya kurudi kwao akahukumiwa uhamisho kwa mara ya pili. Akiwa huko, mwaka 1812, aliandika orodha ya maneno ya siri ya wezi wenzake, ikachapishwa London mwaka 1819. Humo anaeleza kwamba «swell» ni bwana mwenye hadhi, lakini pia ni mtu yeyote aliyevaa vizuri. Ninakuomba uishike hiyo sehemu ya pili ya maelezo yake, kwa sababu ndani yake mna mlango ambao mwizi alipitia: kwa jicho la mtaani, aliyevaa kama bwana alihesabiwa kuwa bwana.

Neno «mob» lina safari tofauti. Ni kifupisho, kilichozuka mwishoni mwa karne ya 17, cha maneno ya Kilatini «mobile vulgus», yaani umma unaoyumba huku na huku. Wezi walilichukua wakalipunguza ukubwa, hata kwao likawa na maana ya kikundi kidogo cha watu watatu au wanne wanaofanya kazi pamoja. Usilitafsiri kwa neno mafia, kwa kuwa maana hiyo ya Kimarekani ni ya karne ya 20 na haihusiani na hadithi yako.

Kwa nini mavazi yakawa na uzito kiasi cha kuwapa watu hao jina? Mtu mwenye nguo chakavu akimkaribia tajiri kwenye lango la ukumbi wa maigizo, tajiri hushika mfuko wake. Bali akisukumwa na mtu mwenye glavu safi, humwomba radhi. Mmoja wa kikundi alimzuia mlengwa njia au kumbana kana kwamba ni msongamano wa kawaida, mwingine akatia mkono mfukoni, wa tatu akapokea mali na kutoweka nayo, hata aliyechopoa akipekuliwa asikutwe na kitu. Koti lililotundikwa mkononi lilikuwa pazia la kuficha vidole. Saa ya mfukoni haikuvutwa kwa nguvu. Pete iliyoiunganisha na mkufu ilivunjwa kwa kupotoshwa kati ya kidole gumba na cha shahada. Kisha jina na namba ndani ya saa hiyo vilifutwa na kuchorwa vingine, kazi ambayo wezi, kwa mujibu wa Vaux, waliiita kuibatiza.

Wizi wa namna hii ulikuwapo kabla ya jina lake. Mwaka 1775 George Barrington, aliyevaa na kuzungumza kama mtu wa tabaka la juu, alikamatwa katika ukumbi wa maigizo wa Covent Garden, London, akiiba kisanduku cha tumbaku ya kunusa cha Orlov, kabaila kutoka Urusi, ambaye baada ya kurudishiwa mali yake hakutaka kumshitaki. Huo haukuwa msamaha mdogo, kwa sababu sheria ya mwaka 1565, iliyofutwa mwaka 1808 tu, iliruhusu mchopozi kunyongwa.

Nyuma zaidi, katika miaka ya 1590, mwandishi wa Kiingereza Robert Greene aliandika kwamba mwizi wa London aliyetumia vidole vyake peke yake alimdharau mwenzake aliyekata mikoba kwa kisu, hata akakataa kubeba kisu cha kukatia nyama mezani. Ninaona fahari hiyo ndiyo babu wa «swell mob», ingawa majina ni tofauti.

Sasa nirudi kwa askari kanzu wako. Idara ya wapelelezi ya polisi wa London ilianzishwa mwaka 1842 ikiwa na watu 8 tu, na mwandishi wa riwaya Charles Dickens alizungumza na baadhi yao, akachapisha masimulizi yao mwaka 1850. Moja linahusu siku ya mbio za farasi za Epsom, ambako wanne wa «swell mob» walimsukuma rafiki wa wapelelezi stesheni na kumchopoa pini ya almasi iliyokuwa kifuani. Wapelelezi walipambana nao, wote wakaanguka chini, na katika vurugu hiyo mpelelezi mmoja aliyekuwa ameona nani aliyechukua pini akamgusa mwizi huyo mkono kwa namna ambayo mshirika wake angemgusa. Mwizi, akidhani ni mwenzake, akamkabidhi. Simulizi hilo linanifurahisha kila ninapolisoma, kwa sababu linaonyesha jinsi kikundi kilivyotegemea ishara za mikono zisizohitaji hata jicho.

Kuhusu tafsiri, kibaka hunyakua na kukimbia, wala havai kwa ajili ya kazi. Jambazi hutumia nguvu na silaha, vitu ambavyo watu hawa waliviepuka. Mchopozi ni neno sahihi kwa kazi ya vidole, na katika maelezo ya msimulizi unaweza kuandika «wachopozi» bila hofu. Lakini katika mnong'ono wa askari kanzu nisingelitumia. Ukilitazama jina la Kiingereza utaona kwamba halitaji wizi hata kidogo. Linataja mavazi na kikundi tu, na msomaji wa wakati ule ndiye aliyejua yaliyojificha nyuma yake. Ukiandika «genge la wezi waliovaa vizuri», umelifichua jambo ambalo jina lenyewe limelifunika. Mimi ningemwacha aseme, «Wale ni genge la watanashati», kisha sentensi inayofuata ya hadithi, wanapoanza kumbana abiria, imweleze msomaji kazi ya genge hilo. Neno mtanashati lina faida ya kuwa la sifa njema katika matumizi ya kila siku, kama «swell» lilivyokuwa kwa watu wengi wa London, na neno genge linatosha kulitia kivuli.

Huenda mbele ya safari ukakutana na umbo la mtu mmoja, «swell mobsman». Hapo andika «mtanashati wa genge», na ulishike neno hilohilo hadi mwisho wa kitabu, hata pale mwandishi anapomtaja mtu huyo akiwa kizimbani katika nguo za gerezani.