Maswali ya Wasomaji: Kuyasoma Magofu ya Kilwa Kisiwani

SWALI: Nafundisha historia sekondari. Tunapanga kuwapeleka wanafunzi Kilwa Kisiwani, ila kwa kawaida ziara zetu huishia kwenye picha na kunakili vibao. Tufanyeje?

JIBU: Mwalimu, asiye na swali huona mawe matupu. Gawa darasa katika vikundi vya watu watano au sita, kila kikundi kipewe swali moja ambalo jibu lake liko ukutani.

Kwa mfano: kwa nini vyumba vingi ni virefu lakini vyembamba? Wape futi kamba wapime. Watakuta upana ni kama mita 2.5 hadi 3, chumba baada ya chumba. Kisha waulize dari zilibebwa na nini. Zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Usiwatajie jibu mapema. Wakilipata wenyewe hawalisahau.

Msikiti Mkuu upeni muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote. Ukumbi mdogo wa kaskazini ni wa karne ya 11 au 12. Upande wa kusini uliongezwa karne ya 14, enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ukaporomoka, ukajengwa tena karne ya 15. Watafute ukuta wa kale unapokutana na wa baadaye, walinganishe nguzo na paa. Hapo ndipo wanapotambua kwamba jengo moja hubeba zama kadhaa. Kwenye ngome iitwayo Gereza nako hali ni hiyo hiyo: wengi huandika “ngome ya Wareno, 1505” wakamaliza. Kweli Wareno walijenga ngome mwaka huo walipouteka mji, wakaondoka 1512, lakini sehemu kubwa inayosimama leo ni kazi ya Waomani, karibu karne tatu baadaye.

Jambo jingine nalihimiza sana. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, akaandika kwamba mji ulijengwa kwa mbao na nyumba zake zimeezekwa kwa majani. Someni hilo darasani, kisha wasimamishe Husuni Kubwa, jumba la mawe la zama hizo hizo, waulize nani aaminiwe. Waache wabishane. Mawe ya matumbawe yalikuwa ya misikiti, majumba na wenye uwezo. Nyumba za miti na udongo zilioza, hazikuacha kuta. Magofu hayaonyeshi wakazi wote wa mji, na mwanafunzi aliyeligundua hilo ameanza kuwa mwanahistoria.

SWALI: Siku moja inatosha?

JIBU: Inatosha kwa majengo matatu, si zaidi. Kibali kichukueni Kilwa Masoko kabla ya kuvuka. Muulizeni nahodha saa za maji: yakipwa, mashua husimama mbali na watoto hulazimika kutembea majini na madaftari yao. Husuni Kubwa iko mashariki, mbali kidogo na magofu mengine, hivyo anzeni huko kabla jua halijawa kali. Kila mtu awe na maji ya kunywa na viatu vya kufunika vidole. Kuta zisipandwe: chokaa ya zamani hulegea na jiwe moja likitoka hufuatwa na mengine.

SWALI: Binti yangu aliokota kigae cha kijani huko, akaja nacho nyumbani. Ni kosa?

JIBU: Ndiyo. Mabaki hayo yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kigae kikiwa mahali pake humsaidia mchimbaji kujua tabaka lile la udongo ni la lini. Kikihamishwa, ushahidi huo umepotea. Safari nyingine akipige picha kikiwa pale pale chini, rula ikiwa kando yake, aandike kiko karibu na ukuta upi. Hicho alicho nacho kirudisheni kwa watunzaji wa magofu, pamoja na maelezo ya sehemu alikokiokota, angali anakumbuka.