Kwa mliostaafu mnaoanza kupita loki za Caen Hill

Wenzangu mliostaafu hapa Uingereza na sasa mnatamani kusafiri kwa boti nyembamba za mifereji, siku ya kwanza msihesabu kilomita, hesabuni loki, yaani vile vyumba vya maji vyenye malango vinavyopandisha na kushusha boti. Mwendo unaoruhusiwa haufiki hata kilomita 7 kwa saa, na loki moja hula robo saa au zaidi. Caen Hill, pale Devizes kwenye mfereji wa Kennet and Avon, ni kilomita 3 na kitu tu, lakini pana loki 29, na 16 kati yake zimefuatana mlimani kama ngazi. Kutoka juu hadi chini ni mita 72. Tengeni siku nzima, tena mwanze asubuhi, maana ukichelewa hutaruhusiwa kuingia.

Tafuteni boti mwenza. Loki za pale ni pana, zinachukua boti mbili ubavu kwa ubavu, kwa hiyo kazi inagawanyika na maji hayamwagwi mara mbili. Mkiwakuta watu wa kujitolea wa Canal & River Trust, shirika linalotunza mifereji, wasikilizeni, hata kama wewe umezaliwa Lamu na bahari unaijua.

Ninachowaomba mkishike kuliko vyote ni habari ya kizingiti. Chini ya lango la juu la kila loki kuna ukingo mgumu ambao huuoni loki ikijaa. Mkishuka, maji yanapungua nao unachomoza. Tezi, yaani nyuma ya boti, ikiwa juu yake itakwama, omo, yaani mbele, itaendelea kushuka, na boti inaweza kujaa maji na kuzama kwa dakika chache. Ukutani pamechorwa mstari mweupe. Tezi iwe mbele ya mstari huo muda wote. Mshika kana, ule mpini wa usukani, asibanduke, hata kwenda kuinjika chai. Anayefungua vilango vya kutolea maji afungue kidogo kwanza, na macho yake yawe kwa mshika kana. Boti ikianza kuinama, fungeni vilango vya chini papo hapo, kisha ingizeni maji polepole kutoka juu mpaka ielee tena. Kamba nayo msiikaze kwenye nguzo mnaposhuka. Izungusheni tu, mwisho wake ubaki mkononi mkiilegeza.

Kwa umri wetu, boriti ya lango sukumeni kwa mgongo, miguu ikikaza kwenye matofali, wala msiisukume kwa mikono. Msiruke kutoka ukingoni kuingia botini. Na kile chuma cha kuzungushia vilango usikiache mahali pake ukaondoka: meno yakiachia kitazunguka kwa kasi ya kuvunja mkono.

Kila mnapotoka kwenye loki, rudini mkague kama vilango vimefungwa vyote. Kimoja kikiachwa wazi usiku, kipande kizima cha mfereji hukauka, na wenzenu waliolala hapo wataamka boti zimekaa kwenye matope.