Ukitaka kukomesha uonevu shuleni, anza na wanaotazama

Mtoto anayeonewa shuleni huulizwa swali moja na karibu kila mtu mzima: "Kwa nini hukusema?" Naomba tuliache swali hilo. Nimefundisha watoto wa shule ya msingi kwa miaka mingi na nimelea wangu nyumbani, na kila mtoto niliyemsikiliza alikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza. Mmoja aliogopa kipigo kingine. Mwingine aliona aibu. Na wako waliokwisha kusema, wakajibiwa "mpuuze tu, atachoka," wakaona kusema hakuna faida.

Kabla ya kuchukua hatua, jiulize kwanza unachokiona ni nini. Watoto hugombana. Wawili wakinyang'anyana mpira leo na kesho wakaucheza pamoja, huo ni ugomvi tu, na ni sehemu ya kukua. Dan Olweus, mwanasaikolojia mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Norway, alianza kuuchunguza uonevu miaka ya 1970 na kuutambua kwa mambo matatu: anayeutenda anakusudia kuumiza, anarudiarudia, na nguvu za pande mbili haziko sawa. Hilo la tatu ndilo tunalolisahau. Nguvu si misuli peke yake. Kuna nguvu ya umri, ya kuwa na marafiki wengi, ya ulimi mwepesi, ya kujua siri ya mwenzako. Nimewahi kumwona msichana mdogo wa umbo akilitawala darasa zima kwa kuamua tu nani akaribishwe kwenye mchezo na nani asisemeshwe. Hakuna aliyepigwa wala kutukanwa. Mwalimu anayesubiri kuona damu hapo hataona kitu.

Ndiyo maana siwezi kumshauri mtoto "mrudishie na wewe." Mwonevu huchagua mtu ambaye anajua hatarudisha. Anayeonewa akijaribu akashindwa, ataonewa zaidi. Akifaulu, mara nyingi yeye ndiye atakayekamatwa, maana mwenzake amezoea kuumiza kwa siri na yeye hajazoea.

Sikubaliani pia na ile njia tunayoipenda sana walimu: kuwaita wote wawili ofisini, kila mmoja aeleze upande wake, kisha waombane radhi na kupeana mikono. Kwa ugomvi wa kawaida inafaa sana. Kwa uonevu inaumiza. Unamketisha mtoto mwenye hofu mbele ya anayemtisha na kumtaka aseme kila kitu. Atasema nusu, au atasema hakuna kitu. Kisha unamlazimisha asamehe hadharani jambo ambalo bado linaendelea. Wakitoka mlangoni, mwonevu anajua kwamba ameshtakiwa, na anajua ni nani aliyemshtaki. Mimi huongea na kila mmoja peke yake, kwa siku tofauti ikiwezekana, na huanza na aliyeonewa.

Lakini kazi kubwa ninaifanya na watoto wengine, wale ambao hakuna anayewaita ofisini.

Watafiti wawili wa Canada, Debra Pepler na Wendy Craig, walitumia kamera na vinasa sauti kufuatilia watoto wakicheza katika viwanja vya shule mjini Toronto. Katika matukio mengi mno ya uonevu, watoto wengine walikuwepo wakitazama. Walioingilia kati walikuwa wachache. Ila katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2001 na wenzao, ilionekana kwamba mtoto mwingine alipoingilia, zaidi ya nusu ya mara uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Sekunde 10! Hakuna mwalimu wa zamu anayeweza kufika kwa haraka hiyo. Nchini Finland, Christina Salmivalli na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba watazamaji hawafanani: wako wanaomsaidia mwonevu, wanaomshangilia kwa kicheko, wanaojitenga, na wanaomtetea anayeonewa. Mpango wa KiVa wa kuzuia uonevu, ulioenezwa katika shule za nchi hiyo kuanzia 2009, ulijengwa juu ya hoja hiyo.

Nililiona hili darasani kwangu. Palikuwa na mvulana mwenye kigugumizi. Kila aliposimama kusoma, mwenzake mmoja alimwigiza kwa sauti ya chini, na madawati ya nyuma yakaangua kicheko. Kumwadhibu yule mwigizaji kulikuwa kumeshajaribiwa kabla yangu, bila mafanikio. Nikawaita wawili waliokuwa wakicheka kwa nguvu zaidi, kila mmoja kwa wakati wake. Hawakuwa watoto wabaya hata kidogo. Mmoja aliniambia wazi kwamba anacheka ili zamu isije ikawa yake. Sikumwomba awe shujaa. Nilimwomba jambo moja tu, asicheke. Kicheko kilipopungua, yule mwigizaji akaanza kuangalia huku na huku akitafuta wa kumuunga mkono, na haikupita muda mrefu akaacha. Mvulana wangu aliendelea na kigugumizi chake, na akaendelea kusoma.

Kwa hiyo ninawafundisha watoto vitendo vidogo wanavyoviweza. Usicheke. Usipeleke maneno mbele. Mwite mwenzako kwa jina na umwondoe pale: "Twende, nakuhitaji." Kama unaogopa kufanya hivyo mbele ya watu, nenda ukakae naye baadaye, maana kinachomvunja mtoto zaidi ya kipigo ni kuamini kwamba darasa zima limekubali apigwe. Na mweleze mtu mzima. Hapa mwalimu ana wajibu mzito: asimtaje kamwe aliyemletea habari. Akiteleza mara moja tu, hakuna mtoto wa darasa hilo atakayekuja tena.

Sasa wewe mzazi. Uonevu mara nyingi hujitokeza kwanza kwenye mwili na vitu vya mtoto. Tumbo linalouma asubuhi za shule na kupona likizo. Vifaa vinavyopotea kila mara. Mtoto anayerudi na njaa kali ilhali alibeba chakula, au anayekimbilia chooni mara tu anapofika nyumbani kwa sababu choo cha shule ni mahali asipothubutu kuingia. Dalili moja peke yake haithibitishi kitu; zikiungana, fuatilia.

Usimwulize "nani anakuonea?" Swali hilo linamtaka atoe ushahidi. Uliza mambo ya kawaida mkiwa mnafanya kazi pamoja, bila kumkazia macho: mapumziko ulikaa na nani? Ni mahali gani shuleni hupendi kupita? Akianza kusimulia, nyamaza umsikilize mpaka amalize. Mwambie unamwamini na kwamba kosa si lake. Mwambie pia hayuko peke yake. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 ilikuta kwamba karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 duniani alikuwa ameonewa na wenzake angalau mara moja katika mwezi uliotangulia.

Kisha andika. Tarehe, mahali, kilichofanyika, waliokuwepo. Kama uonevu uko kwenye simu, hifadhi picha za ujumbe kabla ya kumzuia anayeutuma, na usimnyang'anye mtoto simu yake kwa sababu amekuambia. Ataona ameadhibiwa kwa kusema ukweli. Usiende kumkemea mtoto wa mwenzako getini wala kupigana maneno na wazazi wake. Nenda kwa mwalimu wa darasa na karatasi yako, ukiomba vitu vinavyopimika: nani atasimama karibu na vyoo wakati wa mapumziko, mtoto atakaa wapi darasani, atamkimbilia mtu gani akipatwa na jambo. Ukikosa jibu, panda kwa mwalimu mkuu, tena kwa maandishi.

Na kama simu iliyokujia inasema mwanao ndiye mwonevu, najua inavyochoma. Usimtetee kabla hujasikia, na tafadhali usimpige. Fimbo itamthibitishia kile anachokiamini tayari, kwamba mwenye nguvu ana haki ya kumuumiza asiye nazo. Msikilize, mweleze wazi kwamba jambo hilo linakoma leo, na umsimamie katika kurekebisha alichoharibu: arudishe alichochukua, akanushe uvumi aliousambaza kwa watu walewale aliowaambia. Fuatilia pia anaishije. Baadhi ya waonevu niliowafundisha walikuwa wakionewa mahali pengine, wakati mwingine chini ya paa lao wenyewe.

Shule ikishachukua hatua, wiki ya kwanza huwa tulivu, na wazazi wengi huishia hapo. Uonevu unaweza kuhamia mahali pasipo na macho, njiani au kwenye basi. Kabla hujatoka kwa mwalimu siku ile ya kwanza, kubalianeni tarehe ya kukutana tena, uiandike kwenye karatasi ileile.