Tunaficha nini? Barua kwa mwanangu aliye Iowa

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Ilala. Sisi hatujambo, ila mama yako goti linamsumbua akishuka daladala. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara mbili nikaona jibu lake haliwezi kukaa kwenye simu, ndiyo maana nimekaa nikaandika.

Umesema mwenyeji wako alikuonyesha takwimu za mji wao, mji wa watu elfu chache tu, na kila mtu yumo kwa asilimia: Wazungu kiasi gani, Weusi kiasi gani, wenye asili ya Asia kiasi gani. Kisha akakuuliza, na kwenu Dar es Salaam je? Kabila lipi lina watu wengi? Wahindi ni asilimia ngapi? Ukatafuta, hukupata, ukaona haya. Ndipo ukaniuliza: "Baba, kwa nini kwetu hawahesabu? Tunaficha nini?"

Hatufichi kitu, mama. Tuliacha kuuliza, na wakati tunaacha mimi nilikuwepo.

Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kumwuliza mtu kabila na dini yake. Ya 1978 haikuuliza, na mpaka hii ya 2022 haikuuliza. Mwaka huo wa 1978 nilikuwa mwalimu kijana, nikachukuliwa kuwa karani wa sensa, nikapangiwa Magomeni. Nyumba moja ilikuwa ya Kiswahili hasa, vyumba sita, ukumbi katikati, kila chumba na kaya yake. Nikaanza na mwenye nyumba, mzee wa makamo ya babu yako. Jina, umri, alikozaliwa, kazi, anajua kusoma au hajui. Nilipofunua ukurasa mwingine akanishika mkono.

"Mbona kabila hujaniuliza?"

Nikamwambia halimo.

"Mara iliyopita mliuliza."

Nikamwambia safari hii limeondolewa. Akanyamaza kidogo, akasema: "Mimi Mzaramo. Nimezaliwa hapa kabla ya lami. Wageni wote waandikwe, mimi nisiandikwe?"

Nikachukua penseli, nikaandika pembeni mwa karatasi: Mzaramo. Nilijua fika kwamba haitahesabiwa. Mzee hakujua kusoma, lakini aliinama akaziangalia zile herufi, kisha akaniruhusu niende chumba cha pili.

Yule mzee alikuwa na haki yake. Hata hivyo ninaelewa kwa nini swali lile liliondoka, na ili nawe uelewe lazima nikurudishe kwenye Dar es Salaam ya babu yako, iliyokuwa mji mdogo. Sensa ya 1948 ilikuta watu wapatao 69,000. Sensa ya 2022 ilikuta mkoa una watu 5,383,728. Katika mji ule mdogo kila mtu alikuwa na mahali pake: Uzunguni karibu na bahari, Uhindini katikati penye maduka, Uswahilini kuanzia Kariakoo kuja huku kwetu. Sheria za Mwingereza hazikusema Mwafrika asikae huku wala kule. Zilizungumzia aina ya nyumba inayoruhusiwa kila eneo, na aina ya nyumba ikatosha kumjulisha mtu pake ni wapi. Ule uwanja wa Mnazi Mmoja unaoupenda uliachwa wazi ili Uhindini na Uswahilini visigusane. Babu yako aliukatiza kila alfajiri akienda bandarini kubeba mizigo, na kila jioni akirudi. Akiugua, hospitali ya Ocean Road haikuwa yake, ilikuwa ya Wazungu. Shule nazo zilikuwa za aina tatu.

Hata kura ilikuwa na rangi. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu kwa mpigo: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ukimchagua mmoja tu, kura imeharibika. TANU walikutana Tabora Januari 1958 wakabishana vikali kama waususe uchaguzi huo au waingie, mwisho wakaingia na wakashinda. Babu yako hakupiga, hakuwa na kisomo wala kipato kilichotakiwa, lakini habari ya kura tatu alitusimulia mpaka tukaishika kwa moyo.

Watu waliotoka kwenye mambo hayo ndio waliokaa bungeni Oktoba 1961, wakati wa kujadili nani atakuwa raia. Wapo waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere alikataa katakata, na akaweka serikali yake rehani kwa jambo hilo. Baraza la mawaziri la Uhuru likawa na Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, na Derek Bryceson, Mzungu, ndani yake. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nilikua katika hewa hiyo, na kwangu kuondoa kabila kwenye sensa kulitoka katika moyo uleule.

Sitaki lakini ukamsimulie mwenyeji wako kwamba tulikuwa malaika. Mwaka 1971 ilitoka sheria ya kutaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Kulikuwa na mzee Mhindi wa Kibohora aliyekuwa akimkopesha babu yako unga na mafuta ya taa mpaka mwisho wa mwezi. Ghorofa lake, alilolijenga tofali kwa tofali, lilichukuliwa, na haukupita muda mrefu familia nzima ikahamia Kanada. Babu yako alikwenda kuwaaga na mkungu wa ndizi. Hakuna aliyeongea sana siku ile. Sheria haikumtaja Mhindi hata kwa neno moja, kama ambavyo ya Mwingereza haikumtaja Mswahili, na zote mbili zilijua zinamlenga nani. Kwa hiyo usiseme kwamba kutomtaja mtu kunamlinda. Mimi niliyaona.

Sasa, kabila lenyewe halikwenda popote. Unakumbuka msiba wa bibi yako Kisarawe, ulikuwa kidato cha pili. Wajomba zako walipofika kutoka Tabora, jeneza limeshanyanyuliwa, yule mdogo wao akalala chali katikati ya njia akasema marehemu ana deni lake, haendi kuzikwa mpaka lilipwe. Watu wakachangishana wakampa noti, akaamka. Uani nako shangazi za mjomba huyo walikuwa wamevaa kanga za bibi, mmoja anatembea kwa mwendo wake ule wa kuburuta kandambili, anagomba kama yeye kwamba sukari imekwisha na nani kaimaliza. Ulicheka huku machozi yanakutoka, ukaniuliza kama ni dhambi. Hao ni watani. Wanyamwezi walipita Uzaramoni miaka na miaka na misafara ya pembe kuja pwani, na huko njiani ndiko utani ulikozaliwa. Usiku ule ndio walioosha vyombo na kuchota maji, sisi wafiwa tumekaa tu. Kazi ya kabila hapa mjini nimeiona zaidi msibani kuliko mahali pengine popote.

Mwenyeji wako mwambie asilimia hakuna, lakini watu wapo. Mtembeze Kariakoo kwa majina ya mitaa yake: Nyamwezi, Sukuma, Udoe, Swahili, Kongo. Mwambie Wazaramo ndio wenyeji, na pamoja nao Wandengereko wa Rufiji, Wakwere, Waluguru, Wamatumbi, Wamakonde. Mwambie kuna Wamanyema, Washihiri, Wangazija, Wagoa, Masingasinga, Makhoja, na Wachaga wenye maduka kila kona. Mwambie na shemeji yako ni Mpare, na mpwa wako kwa mila ni Mpare kama baba yake, ila Upareni hajafika hata siku moja.

Linaloniuma mimi ni lugha. Bibi yako alikuwa akiongea Kizaramo na dada zake tu, na sisi watoto tukiingia wanageukia Kiswahili. Nami nikafanya vivyo hivyo kwenu. Hapakuwa na karani wala serikali iliyotulazimisha, tulifanya wenyewe, sebuleni. Tangu Ramadhani nimekuwa nikienda kwa shangazi yako mkubwa kila Ijumaa baada ya sala, na daftari la mistari. Yeye anasema, mimi naandika. Tumefika maneno mia mbili na kidogo. Akichoka ananiambia nifunge, nije wiki ijayo.

Kuhusu fomu za huko, wakikuuliza, jaza. Nchi ile Katiba yake ya mwanzo ilimhesabu mtumwa kuwa tatu ya tano ya mtu, kwa hiyo wajukuu wa watumwa hao wana sababu ya kutaka wahesabiwe wazima, na sheria yao ya haki ya kura ya 1965 imetumia hesabu hizo kuwalinda. Usiwabeze kwa kuwa kwetu tuliamua vingine.

Fomu ya sensa yao ya 2020 ilikuwa na mstari mtupu chini ya kisanduku cha watu Weusi, wa kuandika asili yako. Ikifika zamu nyingine ukiwa bado huko, andika Mtanzania. Nafasi ikibaki, ongeza Mzaramo.

Shangazi yako anakusalimu, anauliza utakuja lini.

Baba yako